Tupeane uzoefu: barua za "ulilipwa zaidi, rudisha" za Tax Credits

Mama Wawili, Coventry
Habari zenu ndugu mlioko Uingereza. Najua Tax Credits, ule msaada wa ofisi ya kodi (HMRC) kwa wenye watoto na wafanyakazi wa kipato kidogo, ulifungwa tarehe 5 Aprili 2025 na wengi tulishahamishiwa Universal Credit, msaada uliochukua nafasi yake, lakini madeni hayakufungwa pamoja na mpango. Juzi dada mmoja tunayesali naye kaletewa ile bahasha ya kahawia: mwaka 2018 ulilipwa zaidi, tunakudai pauni elfu mbili na kitu. Yeye anataka alipe tu yaishe. Nimemwambia atulie kwanza niulize wenzetu. Mliowahi kupinga, mlipinga vipi? Walioshindwa nao waseme, hakuna aibu hapa.

Naanza na yangu. Kazini walinipunguzia saa kutoka 30 hadi 16. Wiki hiyohiyo nikapiga simu HMRC, nikaambiwa sawa, tumeshaandika. Notisi, ile barua ya uamuzi wa malipo, ikaja na saa 30 zilezile. Nikapiga tena. Mwaka ulipoisha wananidai kana kwamba sikuwahi kusema neno. Nikajaza TC846, fomu ya kupinga kurudisha deni, nikaambatisha bili ya simu: namba yao ipo, tarehe ipo, na dakika zote nilizokaa nasikiliza muziki wao zipo. Zile siku 30 za mwanzo nilizilipa, maana ofisi ilikuwa inapewa siku hizo ili irekebishe. Za baada ya hapo zikafutwa.

Mzee wa Reading
Hongera mama. Bili ya simu watu wengi huitupa.

Mimi nimejitolea miaka mingi kwenye kituo cha ushauri, na nimeona watu wanapoteza kesi nzuri kwa kugonga mlango usio wao. Kama unasema hesabu yenyewe si sahihi, sikuwa na kipato hicho, mtoto alikuwa kwangu, basi hiyo ni kuomba uamuzi uangaliwe upya. Una siku 30, na wakikataa unakwenda kwenye baraza la rufaa. Lakini kama hesabu unaikubali ila kosa ni lao, hapo ndipo TC846 inapofanya kazi, na una miezi mitatu tangu tarehe ya uamuzi wa mwisho wa mwaka ule. Hii ya pili haiendi kwa hakimu. Wanaamua wenyewe kwa kuangalia mwongozo wao, COP26: wewe ulitimiza wajibu wako, sisi tulitimiza wetu? Mtu akijaza TC846 kueleza kwamba hesabu ni mbaya, anajibiwa kwamba fomu hiyo haihusiki, na huku siku zake 30 zimekwisha.

Jambo jingine, msijione wazembe. Mwaka 2006 mapato yako yangeweza kupanda kwa pauni 25,000 ndani ya mwaka bila kukuletea deni. Wakaja wakapunguza, wakapunguza tena, Aprili 2016 zikabaki 2,500. Nesi akifanya ovataimu za Krismasi na Pasaka tu, tayari alikuwa anadaiwa.

Mpemba wa Milton Keynes
Shikamoo mzee. Assalaam alaykum nyote.

Yangu ni ya visa. Nilikuwa nalea peke yangu, nalipwa kama mzazi mmoja. Mume wangu alipokuja kutoka nyumbani, kadi yake imeandikwa kuwa haruhusiwi kutumia fedha za umma, yaani misaada ya serikali. Mtaani kila mtu ananambia usithubutu kumuandika, utamharibia, atarejeshwa. Na walionambia ni watu wazima wenye pasi za huku, si watoto. Mwaka wa pili ikaja barua: unaishi na mume, kwa hivyo zote ulizopokea tangu alipofika zirudi. Pauni elfu sita na ushei. Nililia hadi jirani akaja kugonga.

Mshauri wa bure akanifungua macho. Kwanza, kanuni za uhamiaji za Tax Credits za mwaka 2003 zilikuwa zinaruhusu: mmoja akiwa na haki, mwenziwe akiwa na kizuizi kile, wanaomba pamoja na visa haiguswi. Maneno yote ya mtaani yalikuwa upepo. Pili, tangu Januari 2010 ofisi inaweza kulipunguza deni kwa kiasi ambacho mngelipata kama mngeliomba wawili, ikiwa hukuficha kwa makusudi. Kwenye barua yao hilo halikuwamo hata kwa maandishi madogo, mpaka ulidai mwenyewe. Mume wangu miezi ya mwanzo hakuwa na kazi, halafu akawa anaosha magari, kwa hivyo wawili tungelipata karibu kilekile. Tukapeleka muhuri wa pasi wa siku aliyoingia, na slipu zake za mshahara zimeloa maji ya sabuni, kweli, zilikaa mfukoni mwa ovaroli. Deni likashuka hadi mia tisa.

Mnyalukolo, Leeds
Mimi nilishindwa. Kipato changu nilikitaja sawa kabisa kwenye simu, aliyepokea akaandika kidogo. Notisi ikaja na kikaratasi cha TC602(SN), kile cha kukagua kama notisi iko sawa. Hapo ndipo waliponibana: tulikutumia, ulikuwa na siku 30 za kutuambia, hukusema. Yaani karani wao akosee, mkaguzi niwe mimi, tena bila mshahara. Sijakubali hadi leo ila nalipa. Kitu kimoja tu kilinisaidia: walitaka deni lote ndani ya miezi 12, nikawaandikia kodi ya nyumba, umeme, nauli, chakula, wakaongeza muda.

Mama Leicester
Walioachana msome hapa. Deni la pamoja mnadaiwa nyote wawili, lakini msipoelewana kuhusu mgawo, kila mmoja anadaiwa nusu. Mwenzangu alisharudi Kisumu, simu hapokei. Mimi barua ilitaja deni zima. Nikaandika kwamba tumeachana tangu tarehe fulani, nadaiwa nusu yangu tu. Wakaibadilisha bila ugomvi.

Mgeni Hapa
Samahanini, ukipinga makato yanasimama? Mimi wananikata kwenye Universal Credit.

Mzee wa Reading
Ukipinga kwa TC846 hayasimami. Wanaendelea kukata huku wanakusikiliza, ukishinda wanarudisha. Deni likishahamia Universal Credit, wanaokata ni wizara nyingine, ile ya kazi na pensheni (DWP), na hao ndio wa kuombwa wapunguze makato kama chakula hakitoshi. Ila ubishi wenyewe kuhusu deni unabaki ofisi ya kodi. Usikubali kuzungushwa katikati.

Mama Wawili, Coventry
Mzee, na huyu dada wa mwaka 2018? Miezi mitatu si imepita zamani?

Mzee wa Reading
Inategemea notisi ya mwisho ilitoka lini na ilikwenda wapi. Aombe nakala za notisi zote za mwaka ule na rekodi za simu zake, ni haki yake kwa sheria ya kulinda taarifa binafsi, na tangu Mei 2018 halipi chochote. Wana mwezi mmoja wa kujibu. Akiona notisi ilipelekwa nyumba aliyokwishahama, na alikuwa amewaambia amehama, anayo sababu ya kuandika akiwa amechelewa. Kama ilimfika akaiweka kabatini, simdanganyi, itakuwa vigumu. Hapo aende moja kwa moja kwenye kuomba makato madogo.

Mama Wawili, Coventry
Alihama Julai ile, na mkataba wa nyumba mpya anao. Maombi tunayaandika leo jioni, kesho yanakwenda posta kwa rejesta.

Mnyalukolo, Leeds
Risiti ya posta mpigeni picha palepale kaunta. Wino wake haumalizi hata miezi sita.