Naomba ushauri: seli nyekundu za mbuzi hazionekani vizuri

Habari zenu ndugu. Nafundisha baiolojia sekondari hapa Moshi. Nataka vijana walinganishe damu ya kuku na ya mbuzi kwa hadubini. Ya kuku inapendeza mno: seli zina umbo la yai, kiini katikati. Za mbuzi hazina kiini na ni ndogo sana, takriban maikromita 3 hadi 4 (maikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), wakati zetu hufika 7, hivyo wanafunzi wanaona vinukta tu. Nimepaka damu nyembamba kwenye kioo, nikaikaza kwa methanoli, nikatia rangi ya Giemsa. Lenzi ni ya 40, yaani inakuza mara 40.

Je, lenzi ya 100 yenye mafuta itatosha? Na damu ya ngamia, yenye seli za umbo la yai bila kiini, naweza kuipata salama upande wa Arusha?