Printa ya LPT inabadilisha herufi, naomba ushauri
Wakuu, nina printa ya zamani ya nukta, inatumia poti ya LPT1 (tundu la printa kwenye kompyuta) kwa kebo ya pini 25. Tangu jana kila A inatoka @, C inatoka B, E inatoka D. Ajabu ni kwamba B na D zenyewe zinatoka sawasawa!

Ninavyoelewa, biti 8 (tarakimu za 0 au 1) za herufi hupita kwa pamoja, kila moja na waya wake, pini ya 2 hadi ya 9. Kwa hiyo nashuku pini ya 2, inayobeba biti ndogo kabisa: printa inaisoma 0 daima, hivyo herufi yenye 1 hapo inageuka ile ya kabla yake, na yenye 0 haibadiliki. Kebo nimeipima kwa mita, ni nzima.

Nianze kufungua printa au poti ya kompyuta? Naitegemea sana kuchapa nakala za kaboni, tafadhali nisaidieni.