Naomba ushauri: nywele na misumari minne katika Msulubiwa wa Velázquez

Tumsifu Yesu Kristo, wapendwa. Naandaa somo la wakatekumeni (wanaojiandaa kubatizwa) juu ya mchoro wa Yesu msalabani wa Velázquez, mchoraji wa Hispania, wa mwaka 1632 hivi, ulioko jumba la makumbusho la Prado, Madrid (sentimita 248 kwa 169).

Misumari ni minne. Miguu haikupandanishwa, kila mmoja una msumari wake juu ya kibao cha kukanyagia, ndiyo maana mwili umesimama wima bila kuning'inia. Hayo ni maelekezo ya Pacheco, mwalimu na baba mkwe wake. Msimchanganyie mtu kwa kusema misumari mitatu, kama ilivyo katika michoro mingine, ni kosa. Injili hazitaji idadi. Anwani, yaani maandishi ya juu ya msalaba, imeandikwa kwa lugha tatu, kama Yohana 19:20. Jeraha liko ubavu wa kuume, ingawa Yohana hasemi upande gani. Wengi huliunganisha na maji yaliyotoka upande wa kuume wa hekalu katika Ezekieli 47.

Ninapokwama ni nywele. Zimeanguka na kufunika nusu ya uso, upande wa kuume, hadi jicho halionekani. Isaya 53:3 inanijia, lakini pale watu ndio wanaoficha nyuso zao, si yeye. Je, niieleze kama kifo chenyewe, kichwa kilichoinama baada ya "Imekwisha", au kama fumbo la Mungu anayejificha?

Pia, nikichapa A3 giza la nyuma linameza michirizi ya damu kwenye mti. Niongeze mwanga kiasi gani bila kuharibu ile nuru hafifu kichwani?