Mida au Sabaki: wapi kwanza kwa ndege wa pwani?

Buabua_Kilifi: Kuna wageni wanne, siku moja tu, katikati ya Januari. Vifaa: darubini kubwa moja ya kukuza mara 20–60 na za mkononi 8x42 (zinakuza mara 8, lenzi ya mm 42). Wanamtaka hasa Dromas ardeola, yule mweupe na mweusi mla kaa. Hori la Mida au mlango wa mto Sabaki, huku pwani ya Kenya?

Sululu: Januari ni Mida, bila ubishi. Dromas huzaliana Ghuba na Bahari ya Shamu, Oman ikiwemo, kisha hushuka kwetu. Cha kupangia ni maji. Yakikupwa kabisa, tope liko wazi hadi mbali na ndege wametawanyika. Joto linafanya picha ichezecheze, ukivuta kupita 30 huoni kitu. Fika yakianza kujaa, yawasogeze kwako. Siku za bamvua, yale maji makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni, kwa hiyo uwe umesimama tayari tangu saa saba mchana. Jua nalo litakuwa mgongoni. Tope likishafunikwa lote wanahama, unabaki na yangeyange kwenye mikoko. Jedwali la maji kujaa na kupwa ni la Kilindini, bandari ya Mombasa. Ndani ya hori maji huchelewa kidogo.

Darubini_Mtwapa: Sawa kwa Januari. Ingekuwa Julai ningesema Sabaki. Mida wakati huo wamebaki wachanga ambao hawakurudi kaskazini, ilhali Sabaki unampata ndege Glareola ocularis wa Madagaska, Aprili hadi Septemba. Kero yake ni upepo wa kusi: linarusha mchanga na kutikisa darubini. Fupisha miguu ya tripodi, keti chini, ning'iniza begi katikati yake. Lenzi ipulize kabla ya kuifuta, la sivyo punje zitaikwaruza. Viboko wapo pia, usijipenyeze kwenye matete alfajiri.

Buabua_Kilifi: Na 10x42 badala ya 8x42?

Darubini_Mtwapa: Hapana. Mkono ukitetemeka 10 inaonyesha mtetemo zaidi, na uwanja wa kuona ni mwembamba. Kwa wageni ni 8. Ya mbali iachie darubini kubwa.

Sululu: Ile njia ya mbao ya Mida hutikisika mtu akitembea. Wote wasimame kwanza, ndipo mmoja atazame.

Kitwitwi_Mdogo: Kinachowachanganya wengi hapo ni ndege wawili wa topeni wanaofanana, leschenaultii na mwenzake mdogo atrifrons, aliyekuwa akiandikwa mongolus. Ukubwa usiutegemee wakiwa hawajasimama pamoja. Pima mdomo kwa macho: wa leschenaultii ni mrefu kuliko umbali wa kutoka shina la mdomo hadi nyuma ya jicho, wa mwenzake ni sawa au mfupi. Miguu ya leschenaultii ni mirefu, ya kijani-manjano. Ya mwingine huwa myeusi zaidi, ila tope likiipaka, miguu usiiamini hata kidogo.

Buabua_Kilifi: Basi Mida, siku ya bamvua, saa saba.

Sululu: Beba maji ya kunywa na kofia. Kivuli ni kile kibanda cha mwisho wa njia ya mbao tu.