Spika za Advent za marehemu baba: sponji zimeoza, nizifungie ampli gani ya valvu?

Mwana_Raskazone (Tanga)

Habari zenu wakubwa. Nina jambo linalonisumbua, naomba mnisikilize hadi mwisho.

Marehemu baba alisoma Boston miaka ya 1970. Aliporudi mwaka 1976 alikuja na jozi ya spika za Advent, zile kubwa, zilizotengenezwa Cambridge, ng'ambo ya mto tu kutoka alikokuwa akiishi. Utoto wangu wote zilikaa sebuleni, moja kila upande wa kabati la vyombo. Ijumaa baada ya chakula cha mchana alikuwa anapiga santuri zake za taarab, na hakuna aliyeruhusiwa kugusa sindano ila yeye. Alifariki mwaka juzi. Mama hataki zitoke ndani ya nyumba, nami sitaki zikae bubu.

Nilipovua vitambaa vya mbele nilikuta sponji inayozunguka karatasi ya wufa, ile spika kubwa ya besi, imekwisha. Niligusa kwa kidole, ikabaki kidoleni nyeusi, inanata kama lami. Huu upepo wetu wa chumvi hauachi kitu. Twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba zenye sura ya yai la kukaanga, ni nzima.

Lakini kinachoniuma zaidi ni spika ya kushoto. Miaka mingi nyuma ilianza kukwaruza, ikapelekwa kwa fundi mmoja mjini. Ilirudi ina tundu la duara mgongoni, upana wa kikombe cha kahawa. Fundi alisema kasha limezibwa mno, spika haipumui. Baba hakugombana naye. Ila alisogeza kiti chake upande wa kulia, na hakukirudisha tena.

Sasa ampli. Aliyokuwa nayo baba iliungua zamani. Nataka ya valvu, zile taa za kioo za kukuza sauti, na nina njia mbili. Kuna ya Kichina, mpya, ya valvu za 300B, wati 8 kila upande. Nimeisikia kwa rafiki yangu Dar, sauti ya mwimbaji ilikuwa kama amekaa nasi chumbani. Au binamu yangu aliyeko Muscat ananipa Dynaco Stereo 70 ya zamani kwa bei ya kindugu. Moyo uko kwenye 300B. Nishaurini kabla sijatuma pesa.

FundiValvu_Msa (Mombasa)

Pole sana kwa kuondokewa na mzee, Mungu amrehemu.

Ampli iweke kando kwanza, ndugu yangu. Kwenye spika zako, lile tundu ni ubaya mkubwa kuliko sponji. Henry Kloss aliyeanzisha Advent mwaka 1967 ndiye huyohuyo aliyekuwa na Edgar Villchur walipoanzisha Acoustic Research mwaka 1954, na wazo walilolisimamia lilikuwa moja: kasha lizibwe kabisa, hewa iliyofungiwa ndani iwe ndiyo springi ya wufa. Ndiyo maana karatasi ya wufa hizo imening'inizwa kwa ulegevu. Kuirudisha mahali pake ni kazi ya hewa. Ukitoboa kasha umeivunja springi. Karatasi inacheza bila breki, besi inabwabwaja, na ukiongeza sauti koili, ule waya uliozungushwa nyuma ya karatasi, inaweza kugonga chuma cha nyuma. Huyo fundi alichukua dawa ya spika za aina nyingine akaipa hii.

Kata kipande cha mbao cha unene ule ule wa kasha, kiingie kwa kubana, kipake gundi ya mbao pande zote, na kwa ndani pigilia kibao kingine kipana juu yake. Matambara na mkanda wa plastiki usiniletee. Ndani utakuta pamba ya kioo. Usiitoe, ni sehemu ya hesabu ya kasha, lakini vaa glavu na barakoa.

Sponji agiza zilizokatwa kwa ajili ya Advent. Usichukue za inchi 10 zozote. Wufa nyingi za toleo la kwanza zina pete ya mbao iliyoshindiliwa mbele ya fremu, na vipimo vyake ni vya peke yake. Ile lami ya zamani itoe kwa spiriti na kijiti cha mwanzi, polepole. Wembe utachana karatasi.

Hapa ndipo wengi huharibu, kwa hiyo nitaeleza kwa kirefu. Koili inakaa ndani ya mwanya mwembamba wa sumaku, na ukibandika sponji mpya ikiwa imeegemea upande mmoja tu kwa unene wa unywele, itakwaruza milele. Mimi natumia filamu ya zamani ya eksirei. Natoa kwa wembe ile kofia ndogo ya katikati ya karatasi, nakata vipande vinne vya filamu vyembamba kama njiti ya kibiriti ila virefu zaidi, naviingiza kati ya koili na nguzo ya sumaku, mashariki, magharibi, kaskazini, kusini. Koili sasa haiendi popote. Sponji naibandika kwenye karatasi kwanza, ikauke, ndipo naishusha kwenye fremu. Nasubiri siku nzima. Nikitoa filamu, nasukuma karatasi kwa vidole vyote vitano nikiwa nimeinamisha sikio. Nikisikia hata mchakacho kama wa karatasi ya sandarusi, nabandua naanza upya. Kofia inarudi mwisho.

Ukishafunga kila kitu, jaribu hivi: sukuma wufa kidogo kwa ndani, uishike, kisha uachie. Kasha likiwa limeziba, itarudi taratibu. Ikichupa, hewa inatoka mahali.

Kapasita za krosova, ile saketi inayogawa sauti kati ya wufa na twita, nazo zina karibu miaka 50. Badilisha zote kwa thamani ile ile iliyoandikwa. Mpya huwa hazina ukinzani uliojilimbikiza kwenye zile kuukuu, kwa hiyo usishtuke twita zikipanda. Nyuma kuna swichi ya kupunguza. Isafishe kwanza, maana kutu ya kwetu haibakizi swichi.

MzeeWaSanturi (Nairobi)

Kijana, mimi 300B naipenda na ninayo nyumbani. Lakini imefungwa kwenye Klipsch Heresy, spika za honi zinazotoa sauti kubwa kwa wati chache, na hiyo ndiyo siri ya alichosikia rafiki yako, kama spika zake ni za aina hiyo. Umemuuliza?

Hesabu ni nyepesi. Kila ukizidisha wati mara mbili, unapata desibeli 3 tu za ukubwa wa sauti. Heresy kwa wati 1 inatoa kama desibeli 96 ukiwa mita 1 mbele yake. Spika za kasha lililozibwa kama zako huwa chini sana. Chukulia 87. Wati 1 inakupa 87, wati 2 inakupa 90, wati 4 inakupa 93, wati 8 inakupa 96. Yaani ampli yote ya 300B ikiwa imefika mwisho wa pumzi ndiyo inafikia pale Heresy inapoanzia. Taarab ina ngoma na besi ya kamba. Pigo likija, wati 8 zitakatika, na kukatika kwa valvu ni kwa upole kiasi kwamba hutajua kilichotokea, utaona tu muziki umenywea. Ukiwa na wati 32 unaongeza desibeli 6 juu ya hapo, na hiyo tofauti utaisikia kifuani.

Tena ampli nyingi za 300B hazina mrejesho, yaani sehemu ya sauti inayotoka kurudishwa ndani ili ampli ijisahihishe, wa kuishika wufa. Wufa kubwa ikishaanza kuyumba inahitaji ampli inayoikamata. Stereo 70 imejengwa na mrejesho huo, na inatoa wati 35 kila upande. Kama binamu hajakudanganya hali yake, chukua hiyo.

UmmSalim (Muscat)

Assalaam alaykum. Ninayo Stereo 70 hapa, nimeifufua mwenyewe, kwa hiyo naomba nimsaidie ndugu yetu wa Tanga.

Ilianza kuuzwa mwaka 1959: valvu nne za EL34, mbili za 7199 na GZ34 moja. Za 7199 ni adimu sasa, hakikisha zimo na ni nzima. Nyingi ni za volti 120, kwa hiyo utahitaji transfoma ya kushusha umeme. Soma pia kibandiko cha hezi. Transfoma ya hezi 60 pekee hupata joto zaidi kwenye hezi 50 zetu.

Usiiwashe siku ile ile inapofika. Ndani kuna kirekebishi kidogo cha seleniamu, kifaa cha kupitisha umeme upande mmoja tu, kinachozipa EL34 volti hasi za kuzizuia. Kikichoka, valvu zinajiachia, bati la ndani ya valvu linageuka jekundu kama kaa la jiko, na transfoma ya sauti inaweza kuungua. Hiyo huipati dukani. Ilipotokea kwangu niliiona gizani kwa bahati, nikachomoa. Weka daiodi ya kisasa mahali pake, na ile kapasita kubwa ya kopo ibadilishe pia.

Ukishafanya hayo, rekebisha bayasi, yaani hizo volti hasi: pima kwenye soketi za mbele hadi mita isome volti 1.56 kila upande. Spika ziwe zimefungwa wakati wote, valvu bila spika ni kuua transfoma. Anza kwa kufunga spika kwenye njia ya omu 8 ya ampli, kisha jaribu ya 4 usikilize. Na tafadhali, ukiichomoa ukutani, ndani bado kuna zaidi ya volti 400. Maliza chaji kwa rezista, pima, ndipo utie mkono.

Mwana_Raskazone (Tanga)

Nimerudi baada ya miezi mitatu. Rafiki wa Dar nilimuuliza: spika zake ni za honi. Mzee, ahsante.

Tundu nimeliziba kwa mninga. Wufa ya kulia ilikubali mara ya kwanza. Ya kushoto ilichakacha, nikabandua, nikarudia na filamu mpya, ikatulia. Nilipoisukuma na kuiachia ilirudi polepole, nikakaa chini sakafuni nikairudia kama mara kumi.

Binamu alileta ampli mwenyewe wakati wa Idd. Seleniamu imetoka, bayasi inasoma 1.56 kote. Omu 8 imeshinda. Umebaki mvumo mdogo pande zote mbili, unasikika ukiweka sikio kwenye wufa. UmmSalim, kapasita ya kopo sijaibadilisha bado, iko njiani.

Ijumaa iliyopita nilikirudisha kiti cha baba katikati. Mama alisimama mlango wa jikoni na mwiko mkononi mpaka santuri ikaisha, akaniambia geuza upande wa pili.