Prefe wa Uingereza ni mwanafunzi?

Mwana-Kadutu: Ndugu zangu, kijana wangu ameagizwa kuandika insha kuhusu shule za kale za bweni za Uingereza. Jana usiku umeme ulikatika, tukawa tunasoma kwa mwanga wa simu, tukakuta kwamba prefe alimchapa mtoto kwa kuunguza mkate. Hapa Bukavu prefe ndiye mkuu wa sekondari, mwenye ofisi na muhuri. Je, huko mkuu wa shule alipikiwa na watoto?

Mwalimu-Ibanda: Ndugu, neno ni moja, vyeo ni viwili. Kwa Kilatini ni aliyewekwa juu ya wenzake. Wabelgiji walimwita hivyo mkuu wa shule, nasi tukarithi kwao. Waingereza walimpa jina hilo mwanafunzi mkubwa, ambaye Watanzania humwita kiranja. Askofu William wa Wykeham, alipoanzisha shule ya Winchester mwaka 1382 kwa ajili ya wanafunzi 70 wasio na mali, aliagiza wakubwa wawaangalie wadogo vyumbani. Mfalme Henry VI aliufuata mfano huo Eton mwaka 1440, tena kwa wanafunzi 70 wa kusoma bure, ingawa baadaye watoto wa wenye kulipa waliwazidi kwa mbali. Thomas Arnold, aliyeongoza shule ya Rugby kuanzia 1828, ndiye aliyewategemea sana wanafunzi wa darasa la juu katika kulinda nidhamu.

Kuhusu mkate, mdogo alimtumikia mkubwa: alimchemshia chai, akambanikia mkate, akamng'arishia viatu. Huko Eton mkubwa alipaza sauti kwenye korido, wadogo wote wakatoka mbio, na wa mwisho kufika ndiye aliyetumwa. Utumishi huo ulifutwa. Makoti meusi yenye mkia wangali wanayavaa darasani.

Mama-Nguba: Mwalimu, mimi nililala bwenini miaka minne, na mkubwa wa chumba chetu alinituma maji kila alfajiri, ndoo kichwani, utelezi wa mvua miguuni, wala hakuna sheria iliyomruhusu. Naona Waingereza walichofanya ni kuipa desturi hiyo cheo.

Mwana-Kadutu: Asanteni sana. Kijana anauliza: mwenye chumba cha mwisho kwenye korido, si ndiye aliyetumwa kila siku?