Mkutano wa video kila asubuhi na timu iliyotawanyika, nyinyi mwafanyaje?

MtwapaMie
Jamani naomba ushauri. Ofisi yetu ni ya kutoa mizigo bandarini lakini sikuhizi tumetawanyika, mie niko nyumbani Mtwapa, wawili Kilindini, mmoja Nairobi na mwengine Malaba. Sasa bosi ataka kila asubuhi tuingie Zoom saa nzima kamera wazi, na twatumia ile ya bure, dakika 40 zikifika yakatika twaanza upya. Data yaisha, kila mtu asema "niko sawa" halafu kimya. Juzi yule wa Malaba hakufahamu karatasi zaambatishwa vipi, hakuuliza, lori likalala mpakani.

NyaliKazini
Pole sana. Mie nafanya hesabu za kampuni iko London, wako nyuma yetu saa 2 au 3 kulingana na msimu, nikingoja waamke ndio niulize asubuhi yote yapotea. Kwa hivyo twarekodi skrini. Nafungua faili, naongea huku mshale nauzungusha papo hapo, "tazama safu ya D, hii laki mbili imeingia mara mbili", dakika 2 hazifiki nishamaliza. Mwenzangu akiamka aiangalia, asipofahamu airudia hata mara 3 bila kumuonea mtu haya. Huyo wa Malaba nahisi ni haya tu, mbele ya bosi na kamera wazi nani atasema sijaelewa?

Bandarini7
Na mkituma WhatsApp itumeni kama dokumenti, ukituma video kawaida yabanwa, maandishi madogo hayasomeki. Nambari ya kontena ni herufi 4 na tarakimu 7, ikififia moja tu umekwama.

BintiTudor
Klipu sawa, lakini mkutano msiuue kabisa. Sisi mwenzetu alifiwa, kwenye meseji aandika tu "sawa", tulijua tulipomuona uso. Wekeni mmoja kwa wiki, kamera wazi mkisalimiana, mkianza kazi zimeni abaki anayeonyesha skrini, data itapona.

MtwapaMie
Ahsanteni sana wallahi. Leo nimemrekodia yule wa Malaba, dakika 1 na sekunde 50, kanijibu "kumbe muhuri wahitajika ukurasa wa pili pia!" Siku zote hizo tuko naye kwenye mkutano. Bosi nampelekea klipu hiyo na jibu lake usiku huu, kabla ya ule wa kesho.